Kwa nini Mickey hayupo katika msimu wa nne wa Hustle?

Swali: Wapenzi wa tamthilia, nimemaliza misimu mitatu ya Hustle, ile ya BBC kuhusu kundi la matapeli wa London, na nimesikitika kuona kwamba kiongozi wao, Mickey Bricks, ametoweka katika msimu wa nne. Je, atarudi?

Jibu: Atarudi, ndugu yangu. Adrian Lester, anayeigiza Mickey, hakushiriki msimu huo wa mwaka 2007, hivyo Danny Blue, mmoja wa matapeli hao, akashika uongozi, lakini Lester alirejea mwaka 2009 na kubaki hadi tamthilia ilipofungwa mwaka 2012, baada ya misimu minane yenye vipindi 48. Jiandae, kwani Danny na mwenzake wa kundi, Stacie, hutawaona tena katika msimu wa tano. Nafasi zao zinachukuliwa na ndugu wawili, Emma na Sean.

Jibu: Naongeza kwamba Albert, mzee anayewatafuta watu wa kutapeliwa, na Ash, fundi wa mitego yote, wamo tangu mwanzo hadi mwisho. Kwangu mimi Albert, aliyeigizwa na Robert Vaughn, ndiye moyo wa kundi, kwa sababu ndiye anayewakumbusha wenzake kwamba windo lao ni mlafi, si mtu mwaminifu.