Grupu la familia: hii nyumba iuzwe jamani

Da Zuhura: Habari za jioni wote. Wazee shikamooni. Dalali kanipigia sasa hivi, wale mtu na mkewe waliokuja kuangalia nyumba hawaitaki

Mama: Marahaba. Nilijua tu. Hata kuketi hawakuketi

Nuru: Mama mnunuzi haji kuketi 😂

Da Zuhura: Kilichoniuma sio hicho. Anasema wamezunguka nyumba nzima, wametoka, wamefika getini, yule mama ndo anauliza eti hivi vyumba vya kulala ni vingapi

Idi: Si kaviona??

Da Zuhura: Kaingia vyote vinne. Cha redio za baba akajua stoo. Na kile chenye cherehani, baiskeli na magodoro yaliyosimamishwa ukutani sijui alijua nini

Idi: Mi nasema tushushe bei tu yaishe

Nuru: Kaka ngoja kwanza. Utashushaje bei ya vyumba vinne wakati watu wanaona viwili? Hatujaiandaa hii nyumba, tumewafungulia watu mlango tu waje waone tunavyoishi

Shemeji Hamisi: Kuandaa ndo nini sasa, kupiga deki?

Nuru: Deki ni mwanzo tu shemeji. Hiyo ni kazi ya watu kabisa, Marekani kuna mama anaitwa Barb Schwarz alikuwa anauza nyumba na ndo anatajwa kuianzisha miaka ya 1970, leo watu wanalipwa kwa kazi hiyo hiyo tu, wanaingia nyumbani kwako wanapunguza vitu wanapanga upya wanabadilisha taa wanaondoka. Wazo lenyewe dogo, mtu akiingia chumbani ajue hapo hapo hiki ni chumba cha nini na kina ukubwa gani. Akianza kujiuliza ameshatoka

Baba: REDIO ZINAKAA HAPO HAPO

Idi: 😂😂😂 nilikuwa nasubiri

Nuru: Baba shikamoo. Hakuna anayezitupa

Baba: MARAHABA. ZINAKAA

Da Zuhura: Baba tuzungumze taratibu. Chumba kile kina dirisha kubwa kuliko vyote na hakuna anayeliona maana zimepangwa hadi juu ya kioo. Mtu akisimama mlangoni anaona giza na nyaya. Tukitoa zile redio tukaweka kitanda kimoja, shuka safi, kimeza na taa, kinahesabika chumba. Ni hivyo tu

Mama: Mimi nimesema maneno hayo tangu Nuru yuko shule

Baba: KUNA MOJA INAFANYA KAZI

Nuru: Hiyo itabaki baba, ikae sebuleni juu ya meza

Shangazi: Nimewasoma. Mi naona mtoe kila kitu, nyumba ibaki wazi nyeupe, mtu aone ukuta na sakafu basi

Nuru: Shangazi watu wengi wanadhani hivyo ila chumba kitupu kinaonekana kidogo, kweli kabisa. Jicho halina cha kupimia. Mtu anasimama katikati anajiuliza kitanda changu kitaingia hapa? Na hapohapo anabaki kutazama nyufa na soketi iliyolegea maana hakuna kingine cha kutazama. Tunapunguza, hatumalizi

Idi: Basi tuanze na makochi

Mama: Makochi yana nini

Idi: Mama mlango wa sebule haufunguki wote, unagonga kochi. Mtu anaingia ubavu ubavu

Mama: Tumezoea

Idi: Nyie mmezoea, mgeni anaona sebule haitoshi

Nuru: Hapo kaka umesema. Yatolewe mawili makubwa na ile meza ya pembeni, yaliyobaki yasibanwe ukutani kama watu wanasubiri mkutano, yasogezwe ndani kidogo yatazamane, na njia ya kupita ibaki wazi kama sentimita 90 hivi. Mlango ufunguke mpaka mwisho. Mlango ukigonga kitu ndo picha ya kwanza anayoondoka nayo mtu

Mama: Na picha zetu za ukutani? Maana nishasikia mnataka kuzitoa

Nuru: Mama zile zinatoka. Sio kwamba mbaya. Mtu akiingia anaanza kutazama sura, huyu nani, amehitimu lini, anafanana na yule, mara muda umekwisha hajaitazama nyumba. Na pia tunapiga picha za kuweka mtandaoni, sura za wajukuu zikae kule za nini

Mama: Haya hilo la wajukuu nakubali

Shemeji Hamisi: Sasa mkizitoa mjiandae na kitu kimoja. Chini ya kila picha rangi ni nyingine kabisa. Ukuta umepigwa na mwanga miaka yote, pale palipofunikwa pamebaki rangi ya zamani. Utakuwa na ukuta wa viboksi viboksi na misumari. Ule ukuta lazima upakwe wote kutoka kona hadi kona, ukigusia gusia itaonekana viraka

Idi: Nyeupe pee

Shemeji Hamisi: Sebule ile mwanga wake hafifu shemeji, nyeupe pee kwenye mwanga hafifu inageuka kijivu, inakuwa baridi. Krimu nyepesi itakubali zaidi. Na isiwe ya kung'aa, ukuta wetu una mabonde, rangi ya kung'aa inayatangaza yote, isiyong'aa inayameza. Matundu ya misumari tuyazibe, tupige msasa, ndo rangi

Da Zuhura: Nani analipia

Shemeji Hamisi: Kazi naifanya mimi, rangi mchange

Idi: Na ile kona ya chumba cha wageni yenye ukungu tusogeze kabati pale. Linaenea vizuri nimeshapima

Da Zuhura: Hapana

Idi: Dada ni kabati tu

Da Zuhura: Hapana Idi. Utasogeza kabati, mtu atanunua, siku ya kuhamia kabati linatoka na sisi anakuta ramani ukutani. Na akija na fundi wa kukagua kabla hajalipa ndo mbaya zaidi, atalisogeza yule fundi, na kuanzia hapo hata tukisema bati ni jipya hatatuamini. Bora ajue kutoka kwetu

Nuru: Naunga mkono. Kupanga nyumba ni kitu kimoja, kuficha ubovu unaoujua ni kingine, na sehemu nyingi mnunuzi anaweza kukudai kisheria

Idi: Sawa sawa msinimalize. Basi tupake rangi juu yake

Shemeji Hamisi: Itabanduka. Nilipanda juu wiki iliyopita, gata la upande ule limejaa majani, mvua ikinyesha maji hayapiti kwenye bomba yanamwagika yanashuka na ukuta. Ndo maana doa linaanzia juu linashuka, lingekuwa linapanda kutoka chini ningesema jambo lingine. Ukiona ule unga mweupe kama chumvi juu ya lipu ujue maji yanapita humo ndani na yakikauka yanaacha chumvi. Ukipaka rangi leo itavimba kama lengelenge. Tuzibue gata kwanza, tuache ukuta ukauke vizuri hata kama ni wiki kadhaa, madirisha wazi, ndo tukwangue tupake

Idi: Wiki kadhaa!

Da Zuhura: Tumekaa na doa miaka

Shangazi: Na harufu je. Wifi usinichukie lakini ukiingia kuna harufu ya paka

Mama: Harufu gani? Mimi sisikii

Shangazi: Wewe huwezi kusikia wifi unaishi nayo

Nuru: Shangazi asante kwa ujasiri 😂 ni kweli mama pua inazoea haraka sana, dakika chache tu haikuambii tena. Anayeishi ndani ndo wa mwisho kujua. Afadhali shangazi aseme kuliko mnunuzi aondoke kimya

Shangazi: Nunueni ile spirei ya maua mpulize kabla hawajaingia

Nuru: Hapana hiyo ndo inamfanya mtu ajiulize wanaficha nini. Harufu inakaa kwenye vitambaa, pazia, zulia, mito ya makochi. Vifuliwe vyote, zulia lile la korido litolewe kabisa, na asubuhi ya siku yenyewe madirisha yafunguliwe mapema. Nyumba isiyo na harufu yoyote inatosha

Da Zuhura: Bafuni na jikoni mi ndo nitasimamia. Kuna bomba linadondosha, ni raba tu ya kubadilisha, lakini mtu akisikia tii tii tii anahesabu ubovu mwingine asiouona. Simenti ya katikati ya taili imekuwa nyeusi, ile inasuguliwa. Miswaki, ndala, ndoo, sabuni za vipande vipande, vyote viingie ndani. Jikoni juu ya meza kusibaki kitu isipokuwa birika

Mama: Nitaviweka wapi sasa? Makabatini?

Nuru: Makabatini pia hapana 🙈 watu wanafungua makabati mama

Mama: Wanafungua makabati ya mwenye nyumba??

Nuru: Wanafungua. Yale ya ukutani yanauzwa na nyumba. Likimwagika vitu atasema hapa hakuna pa kuweka vitu. Likiwa nusu tupu anaona nafasi. Kwa hiyo nusu ya vyombo vinaingia kwenye makasha

Da Zuhura: Na tukiwa hapo hapo, hati ya nyumba, vyeti, dhahabu za mama na dawa za baba zisibaki ndani siku ya watu. Nachukua mimi. Dalali akiingiza watu watatu hawezi kuwachunga wote

Mama: Hilo la dhahabu umesema la maana

Idi: Jamani mnajua sasa hivi kuna programu unaipa picha ya chumba kitupu inakuwekea makochi kitanda maua kila kitu? Tungeokoa nguvu zote hizi

Da Zuhura: Halafu mtu anakuja anakuta redio

Idi: 😂😂 haya

Nuru: Inatumika kaka lakini lazima useme wazi kwamba picha imepambwa, la sivyo umemdanganya. Sisi tupige za kweli ila tupige vizuri. Mmeziona alizopiga dalali? Usiku, na flashi. Chooni kifuniko kiko wazi. Kwenye kioo cha kabati yuko baba na singlendi

Baba: SIKUAMBIWA WANAPIGA PICHA

Nuru: Najua baba pole. Safari hii tunapiga asubuhi, pazia zote wazi, vioo vimefutwa ndani na nje, simu imelazwa, unasimama kwenye kona unaishika usawa wa kifua ili kuta zisimame wima. Na tusitumie ile lenzi pana inayofanya chumba kiwe ukumbi, mtu anakuja na matumaini ya ukumbi anakuta chumba, anakasirika kabla hajafika dirishani

Shemeji Hamisi: Balbu pia. Sebuleni moja ya njano moja ya bluu, kwenye picha inatoka kama nyumba mbili. Ziwe za aina moja, kwenye boksi imeandikwa namba ya rangi ya mwanga, tafuteni 2700K au 3000K. Ile iliyoandikwa 6500K ndo inayofanya watu waonekane wagonjwa

Idi: Mi naleta balbu. Na gata nazibua mimi Jumamosi kwa sababu naona mnanitazama

Da Zuhura: Tunakutazama ndio

Nuru: Bado moja nzito. Siku wanunuzi wakija, wazee msiwepo

Baba: NIONDOKE NYUMBANI KWANGU?

Nuru: Kwa saa moja tu baba

Baba: NITAKAA KIMYA

Mama: Hukukaa kimya. Ulimweleza yule bwana lile bomba lilivyopasuka tukaamka maji yako miguuni

Baba: ALIULIZA

Mama: Aliuliza saa ngapi

Nuru: Baba akiuliza kuhusu bomba dalali atajibu, limetengenezwa na tutamwambia lilitengenezwa vipi. Shida ni kwamba mwenye nyumba akiwa amekaa pale mtu anaona aibu, hafungui mlango, hasemi na mkewe kwamba kitanda kikae huku, anasema asante anaondoka. Lazima wapate nafasi ya kuijaribu nyumba akilini mwao na kuisema vibaya kwa sauti, maana wakishaisema vibaya ndo wanaanza kuhesabu watakavyoirekebisha, na anayehesabu hivyo huyo ana nia

Mama: Nitamtoa mimi. Tutaenda kwa shangazi yenu

Shangazi: Karibuni

Da Zuhura: Basi nimwambie dalali asilete mtu kwanza mpaka ukuta ukauke? Na lile tangazo alitoe, lisiendelee kukaa na zile picha

Shemeji Hamisi: Mwambie

Idi: Alitoe kabisa. Redio zitakuja kwenye gereji yangu, pakavu

Baba: ZIHESABIWE KABLA HAZIJATOKA. NA ZISIBEBWE KWA NYAYA

Idi: Zitahesabiwa baba, ukiwepo

Baba: NA PAKA ATAENDA NA NANI SIKU YA WATU

Shangazi: Mimi nimesema karibuni wawili