Tupeane uzoefu: monstera, pothosi na mimea mingine ya kutambaa ndani ya nyumba

Jani Pana: Wakuu, habari zenu. Leo nimeona monstera ya jirani imegusa dari, majani mapana yamejaa matundu, nikakumbuka yangu ilivyokuwa ikitoa vijani vidogo visivyopasuka hata kidogo. Ilibadilika nilipoisogeza karibu na dirisha, mahali penye mwanga mwingi ila jua haliipigi moja kwa moja, nikaisimikia nguzo iliyozungushiwa makumbi ya nazi. Mizizi ya hewani ilipoishika nguzo, kila jani jipya likaja kubwa kuliko lililotangulia. Kwao, misitu ya Meksiko hadi Panama, hupanda miti kufuata mwanga. Leteni na yenu.

Mama Waridi: Kweli tupu. Mwanga kwanza, mengine baadaye.

Mzizi Mkavu: Umenitonesha kidonda. Nilisafiri, pothosi yangu nikamwachia mdogo wangu. Kwa mapenzi yote akawa anaimwagilia asubuhi na jioni. Narudi, majani ya chini yote ya njano, shina usawa wa udongo jeusi, laini. Nikaung'oa: mizizi ya kahawia inanuka, ukiibana ganda linachomoka unabaki na uzi. Mmea niliokuwa nao tangu naanza maisha! Nikachukua mkasi, nikaufuta kwa spiriti, nikakata mpaka nilipoona shina la kijani. Kila kipande nilikiachia pingili, maana jani tupu bila pingili linaweza kukaa kijani muda mrefu lakini halitoi chipukizi. Nikaviweka kwenye chupa, pingili ndani ya maji, jani nje. Vilitoa mizizi.

Kopo la Maji: Pole ndugu. Mimi mara moja kwa wiki, siku ileile, na sina shida.

Mzizi Mkavu: Mkuu, kumwagilia kwa kalenda ndiko kunakoua. Mwanga ukipungua udongo unachelewa kukauka. Ingiza kidole, pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani.

Kopo la Maji: Usiniambie naua wakati mmea wangu unatoa majani mapya. Njoo uuone.

Mama Waridi: Kopo, chungu chako ni cha udongo au plastiki? Cha udongo kinakausha haraka. Huenda mnabishania vyungu viwili tofauti.

Kopo la Maji: Cha udongo. Lakini bado sijakubali.

Chipukizi: Samahani, asubuhi nakuta matone ya maji kwenye ncha za majani. Ni ugonjwa?

Bibi Kibarazani: Wanangu, ninyi mnaongea maji, mimi naongea mtoto. Mjukuu wangu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Akachana jani la monstera, akatafuna. Palepale kilio, ute unamtoka kama bomba lililopasuka, midomo inavimba, kumeza hawezi. Mama yake akataka kumtapisha, nikamshika mkono. Tukamfuta kinywa kwa kitambaa chenye maji, tukampa maziwa baridi kidogo kidogo, tukakimbilia hospitali na kipande cha jani mkononi. Daktari akasema majani haya yana fuwele za kalisi oksaleti, zenye ncha kali, zinachoma ulimi na koo. Wakamwangalia hadi uvimbe ukashuka. Kilio kile sijakisahau.

Jani Pana: Mungu mkubwa, bibi. Pole sana.

Mama Waridi: Pothosi na filodendro ni vilevile, na paka na mbwa nao wanadhurika. Hata utomvu unawasha ngozi, vaeni glavu mnapokata.

Kopo la Maji: Basi mwenye mtoto asifuge kabisa.

Bibi Kibarazani: Hapana mwanangu. Yangu ninayo. Chungu kiko kwenye rafu ya juu karibu na dirisha, matawi nimeyafunga kwenye kamba yanaelekea dari. Hakuna jani linaloning'inia.

Mzizi Mkavu: Hapo bibi umemaliza. Kamba usiikaze sana, shina linanenepa.

Chipukizi: Jamani, matone yangu?

Mama Waridi: Si ugonjwa, mwanangu. Usiku mmea unasukuma nje maji yaliyozidi. Yakiwa mengi kila siku, punguza kumwagilia.

Kopo la Maji: Au hamia chungu cha udongo.