Ulinganisho: kushirikisha vibadilika vya jumla kati ya moduli za Python

Kibirizi
Habari zenu, wakuu. Ninaandika programu ya wanunuzi wa dagaa hapa Kigoma, yenye moduli ya mizani, moduli ya risiti na faili kuu inayoziendesha. Bei ya kilo hubadilika kadiri boti zinavyoingia. Nimeitangaza kwa `global` katika faili kuu, lakini moduli ya risiti haiioni. Je, nitumie moduli ya pamoja, au niipitishe bei katika kila fanksheni?

Isevya, Tabora
Ndugu, `global` ya Python haivuki mpaka wa faili; huiambia fanksheni tu kwamba jina hilo ni la moduli ile iliyomo. Tengeneza `mipangilio.py`, weka humo `bei = 0`, kisha kila moduli iandike `import mipangilio` (yaani iiagize) na kusoma `mipangilio.bei`. Kwa kuwa Python huipakia moduli mara moja tu katika mchakato (programu moja inayoendeshwa) na kuihifadhi kwenye `sys.modules`, jedwali la moduli zilizokwisha kupakiwa, wote wanaoiagiza hupewa kitu kilekile, na bei mpya huonekana papo hapo. Jihadhari sana na `from mipangilio import bei`. Amri hiyo huunda jina jipya ndani ya moduli yako, likishika thamani iliyokuwapo wakati wa kuagiza, hivyo bei ikipandishwa baadaye risiti zitaendelea kutoka kwa bei ya alfajiri bila programu kulalamika. Kwa mvuvi aliyekesha ziwani, hilo si jambo dogo.

Ujiji
Ninakubali maelezo hayo, ila kwa risiti ningependelea `tengeneza_risiti(uzito, bei)`. Anayeisoma fanksheni hiyo huona mara moja inategemea nini, na kuijaribu hakuhitaji kuandaa moduli nyingine. Moduli ya pamoja ningeiachia yasiyobadilika, kama jina la mwalo.

Mwanga
Katika Lua, lugha nyingine ya programu, jina lisilotangazwa kwa `local` kwa kawaida huingia katika jedwali moja la jumla, na moduli zote huliona. Ni rahisi, lakini ukikosea herufi moja wakati wa kuweka thamani, kibadilika kingine huzaliwa kimyakimya. Afadhali utaratibu wa Python.

Isevya, Tabora
Kwa risiti, Ujiji yuko sahihi: faili kuu isome `mipangilio.bei` na kuipitisha. Tena, risiti isiiagize faili kuu kamwe, kwa sababu faili inayoendeshwa hujulikana kama `__main__`, na ukiiagiza kwa jina lake itapakiwa nakala ya pili yenye bei yake.

Kibirizi
Asanteni sana. Mizani nayo nitaiendesha kama mchakato wa pekee, ili isichelewe kusoma uzito. Nayo iagize `mipangilio`?

Isevya, Tabora
Hapana, kwa bei haitafaa. Kila mchakato una kumbukumbu yake, kwa hiyo mizani itapata `mipangilio` yake yenyewe, na badiliko la faili kuu halitaifikia. Hapo bei ihifadhiwe katika hifadhidata ndogo ya SQLite, ambayo Python huja na moduli yake, na kila upande uisome kabla ya kupiga hesabu.