Mume wangu na mdogo wangu: mama anataka nifunike kombe

Mama Pacha, Mbagala
Shikamooni wakubwa. Naomba mawazo, matusi wekeni pembeni. Mdogo wangu wa tumbo moja, miaka 27, alikuja kwangu alipoachika huko Muheza. Nikampa chumba cha uani, nikamkabidhi na genge langu. Ramadhani iliyopita mume wangu karudi toka Kariakoo na kanga, kipande kimoja. Nikamuuliza, doti gani hii ya upande mmoja? Akasema kingine fundi kakiunguza na pasi. Nikanyamaza.

Juzi mvua imeanza, nakimbilia kuanua nguo, nakikuta kipande hicho kwenye kamba ya mdogo wangu. Jina lilelile, "Japo sipati tamaa sikati". Nikachukua changu nikavilaza kitandani. Mkasi ulikwenda kombo mahali pamoja, na kombo la kile likaingia kwenye kombo la changu. Nilipowaita wote wawili, mdogo wangu akaanza kulia. Mume akasema tu, "Basi ushajua."

Lakini aliyenimaliza ni mama. "Funika kombe mwanaharamu apite. Mkiachana, dawa zangu za presha atanunua nani?" Mume anasema nikikubali atamwoa na yeye tukae wote, nikikataa nirudi Tanga, nyumba nisahau, hati ina jina lake. Ndoa yetu ya Kiislamu. Nifanyeje?

Mtoto wa Temeke
Bado unamwita mdogo wako? Begi lake nje leo leo.

Babu Mswalihina
Marahaba mwanangu. Hilo la kukaa wote halipo. Surat An-Nisaa aya ya 23 imekataza kukusanya dada wawili kwenye ndoa. Labda akuache wewe kwanza na eda yako iishe. Huyo anakutisha, au anajifanya hajui.

Dada wa Mahakamani
Usitoke kwenye hiyo nyumba. Jina kwenye hati si mwisho wa maneno. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yako, na unaweza kuweka pingamizi kwa msajili wa hati. Ukitaka talaka mahakamani, anzia baraza la usuluhishi. Wakishindwa kuwapatanisha watakupa fomu namba 3. Mgawanyo wa mali ni kifungu cha 114. Na asikwambie ulikuwa unapika tu: tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kazi za nyumbani ni mchango. Daftari za genge lako zitunze, hizo ni ushahidi.

Mwana Pangani
Mama yako usimjibu kwenye simu, mtaishia kutukanana. Tafuta mjomba, aje akae naye uso kwa uso. Presha ya mama isiwe ya kukufungia wewe mdomo, watoto wake si mko wengi? Mchangieni hizo dawa. Ila ningekuwa wewe, huyo mdogo mtu nisingempigia kelele mtaani. Mume ndiye aliyekata hiyo doti.

Mama Pacha, Mbagala
Ahsanteni, na babu Allah akulipe. Mjomba anapanda basi Jumamosi. Mdogo wangu kaenda kwa rafiki yake, genge nimefungua mwenyewe asubuhi. Dada wa Mahakamani, hati kaihamisha kabatini, sijui kaificha wapi. Namba ya kiwanja ninayo kwenye risiti ya kodi. Hiyo inatosha kuweka pingamizi?