Nanakili mchoro wa Bouguereau, lakini uso unatoka kama umepakwa chokaa

Turubai Tupu:
Ndugu wachoraji, huu ni mwezi wa tatu nanakili kwa rangi za mafuta picha ya msichana, kuanzia kichwa hadi kifua, iliyochorwa na William Bouguereau, yule Mfaransa aliyefariki mwaka 1905. Mistari hainisumbui: niligawa picha na turubai kwa miraba, nikapima, na macho yamekaa mahali pake. Taabu huanza kwenye ngozi. Nikitaka mwanga naongeza nyeupe, nikitaka kivuli naongeza nyeusi, na mwishowe shavu linafifia kama ukuta, huku chini ya taya pakiwa na rangi ya majivu. Je, ninunue rangi nyingine?

Mkaa na Karatasi:
Usinunue chochote kwanza. Nyeupe, hasa ile ya titani, haing'arishi tu, bali pia hupooza: ukiitia katika nyekundu unapata waridi baridi. Kwa hiyo kila unapoongeza nyeupe, rudisha joto kwa chembe ya manjano ya udongo. Kivuli nacho kitengeneze kwa kahawia ya udongo na nyekundu kidogo, ukipake chembamba, na uzito wa rangi uuachie mwanga. Kisha tazama ule ukanda mwembamba ambapo shavu linageuka kuingia kivulini, ambao wanafunzi wengi huuruka. Mara nyingi hapo pana kijivu kinachokaribia kijani, na ukikitenga kwenye paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) utadhani umekosea, lakini kikikaa kando ya wekundu wa shavu kinakuwa ngozi.

Kivuli cha Taya:
Nakubaliana na ndugu aliyetangulia kuhusu rangi, ila nadhani ugonjwa uko chini zaidi. Katika karakana za Ufaransa za karne ya 19, mwanafunzi alinakili michoro, kisha sanamu za plasta, kabla ya kuruhusiwa kupaka rangi, kwa sababu ni viwango vya mwanga na giza vinavyojenga uso. Anza upya kwenye turubai nyingine: paka kichwa chote kwa kahawia na nyeupe pekee, kikauke, ndipo ulete rangi. Unapofanya kazi, fumba macho nusu, halafu geuza picha zote mbili kichwa chini. Na kama unanakili kutoka kwenye kioo cha simu (nami nilipoteza muda mwingi hivyo), fahamu kwamba kioo hutoa mwanga wake chenyewe, jambo ambalo rangi haiwezi kuliiga. Afadhali nakala nzuri iliyochapishwa.

Mafuta ya Kitani:
Nyongeza moja tu. Rangi ya mafuta haikauki kama maji yanavyokauka; hushika oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa ngumu polepole. Tabaka la chini lipunguze kwa tapentaini, na la juu liwe na mafuta zaidi, la sivyo uso huo utapata nyufa.

Turubai Tupu:
Ahsanteni sana. Simu ndiyo niliyokuwa nikiitumia. Nimegeuza zote mbili kichwa chini, na nimeona jambo ambalo hakuna aliyelitaja: nyeupe ya jicho niliipaka iking'aa kuliko ncha ya pua, ilhali kwa Bouguereau ni kijivu, tena yenye giza kuliko paji la uso. Nimeikwangua kwa kisu usiku huu huu.