Waini za Jumamosi: kikundi cha familia, Raskazone, Tanga

Neema: Shikamooni wakubwa. Nimefungua friji ya waini. Kuna Paul Sauer 2015 tatu (ya Afrika Kusini), Barolo 2016 moja (ya Italia), Rioja Gran Reserva 2010 mbili (ya Hispania), na nyekundu kavu za Dodoma nne, hazina mwaka wa mavuno kwenye lebo. Jumamosi tunafungua zipi?

Mjomba Fidelis: Marahaba. Dodoma zote nne zinywewe. Hizo zimetengenezwa zinywewe zingali changa. Ukizilaza zinapoteza harufu ya matunda na hakuna kinachokuja badala yake.

Shemeji Method: Rioja nazo. Gran Reserva haitoki kwa mtengenezaji kabla ya miaka mitano, angalau miwili ikiwa kwenye pipa. Ameshakufanyia kazi ya kuizeesha. Na 2010 ulikuwa mwaka mzuri sana kule, hamtajuta.

Neema: Barolo je? Naona watu wanaandika 2016 inafika hata 2040.

Mjomba Fidelis: Hiyo 2040 ni ya chupa iliyolala kwenye nyuzi 12 au 13 mwaka mzima. Kabla hujasoma mwaka, uliza chupa imekaa wapi.

Dada Happy: Ile ilikaa kabatini Chumbageni, Novemba mpaka Machi, kabla friji haijanunuliwa 🙈

Mjomba Fidelis: Kaskazi nzima! Basi mahesabu ya 2040 yafute. Kwa makadirio ya jumla joto likipanda nyuzi kumi, mambo ya kikemia ndani ya chupa yanakwenda kasi maradufu. Na hayaendi yote kwa mpangilio uleule, kwa hiyo usidhani umepata waini iliyokomaa mapema. Ladha ya matunda inakuwa kama imepikwa, ukakasi unabaki. Juu ya hapo waini inatanuka, inasukuma kizibo, usiku ikipoa inanyonya hewa.

Shemeji Method: Neema, ichunguze sasa hivi. Isimamishe, mulika tochi ya simu nyuma ya shingo. Pima toka chini ya kizibo hadi waini ilipo. Sentimita mbili tatu, salama. Ikizidi tano kwa chupa ya umri huo, imevuja. Kisha papasa juu: kizibo kimeinuka kuliko mdomo wa chupa? Zungusha kofia ya bati. Ikigoma huenda kuna waini iliyokauka chini yake, ingawa nyingine zimebana tangu kiwandani, usihukumu kwa hilo peke yake.

Neema: Sentimita tatu kasoro. Kizibo hakijainuka. Kofia inagoma, na pembeni pana mchirizi mwekundu umekauka, unanata.

Mjomba Fidelis: Mchirizi ndio jibu. Inyweni Jumamosi. Ingekuwa imetunzwa vizuri ningesema ngojeni bado, maana Nebbiolo, zabibu inayotengeneza Barolo, ina ukakasi kama bibo bichi na miaka ndiyo inayoulainisha. Lakini chupa moja iliyovuja haina cha kungojewa.

Shemeji Method: Paul Sauer mimi naziacha zote tatu. Nyingi humo ni zabibu ya Cabernet Sauvignon, na 2015 kule Stellenbosch inakotoka ilikuwa nzuri mno. Zina safari bado.

Mjomba Fidelis: Sikatai zina safari. Ila ukiwa na tatu, fungua moja uione, mbili zibaki. Ukiwa na moja tu ndipo unabahatisha, na hapo bora kuiwahi kuliko kuichelewa: changa utaipa hewa itulie, iliyokwisha hairudi.

Dada Happy: Tukishaifungua tunajuaje hizo mbili zingoje?

Mjomba Fidelis: Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, tazama ukingo. Zambarau bado changa, rangi ya tofali imekomaa, kahawia mpaka katikati imechoka. Ukakasi ukikamata fizi na matunda yapo, ngoja. Ukakasi ukiwepo na matunda hayapo, kungoja hakusaidii. Halafu bakisheni robo chupa, mrudishie kizibo, ionjeni Jumapili. Ikiwa imependeza zaidi, mbili zile ziacheni miaka mingine mitatu kisha fungueni moja. Ikiwa imelegea, zimalizeni ndani ya mwaka.

Shemeji Method: Hapo sawa, nakubali moja.

Neema: Maandalizi?

Shemeji Method: Ijumaa asubuhi simamisha Rioja, Barolo na ile Paul Sauer, mashapo yashuke chini. Usizitikise tena. Kizibo cha Rioja kinaweza kukatika, chomeka kizibuo taratibu mpaka mwisho ndipo uvute. Mimina kwenye jagi la kioo kwa mkondo mmoja, tochi chini ya shingo, acha pale mashapo yakifika mabegani. Rioja dakika chache kabla ya kunywa, usiipe hewa nyingi itazimika. Paul Sauer saa moja na nusu kabla. Barolo onjeni kwanza. Ikinuka boksi lililolowa, hicho ni kizibo kibovu, haiponi. Ikinuka siki, ni ya jikoni.

Dada Happy: Na ubaridi? Bibi anasema nyekundu haiwekwi baridi.

Mjomba Fidelis: Mwambieni Bibi nyuzi 16 hadi 18. Sebule yenu Desemba ni 30. Dodoma zikishakaa mezani zitieni kwanza friji ya jikoni zipoe. Na nyekundu mle na mbuzi, si na samaki wa nazi, nyekundu na samaki inaweza kuacha ladha ya chuma mdomoni.

Neema: Friji inasoma 18 wakati nimeweka 13. Mbovu?

Shemeji Method: Ile haina kompresa, hutegemea ubaridi wa chumba. Ivute kutoka ukutani sentimita kumi, itoe kwenye jua la dirisha. Umeme ukikatika usifungue mlango, chupa zenyewe zinashikilia ubaridi saa kadhaa.

Dada Happy: Nani ana jagi la kioo? Langu lina ufa.

Neema: Mama Mdogo analo, nampitia Ijumaa.