Albamu ya roots rock kwa Kiswahili, nyimbo za jamii, kurekodi nyumbani: naomba ushauri

GitaaKavu:
Wakuu, salaam. Nina nyimbo 14 za gitaa na sauti, roots rock ya kawaida (rock iliyokaa karibu na folk, country na blues): kodi (chords) tatu au nne, kinanda cha mdomo shingoni, hakuna madoido. Mada ni maji, ardhi, bei ya pembejeo na vijana wasio na kazi. Vifaa: gitaa kavu la nyuzi za chuma, maiki moja ya Shure SM58, kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili, kompyuta yenye Reaper (programu ya kurekodi). Chumba ni futi 10 kwa 10, bati juu, hakuna dari.

Nimekwama hapa: gitaa na sauti nirekodi pamoja au kila kimoja peke yake? Kwa nini maneno ya Kiswahili yanabanana kwenye mdundo wa rock wakati ya Kiingereza yanakaa? Na kila anayesikiliza anasema nyimbo zinafanana na hotuba. Naomba mnisaidie.

MizaniNane:
Naanza na hilo la Kiswahili kwa sababu ndilo linaloangusha wengi. Mstari wa rock ya Kiingereza hupenda kuishia kwenye silabi yenye mkazo, mara nyingi neno la silabi moja, puu, juu ya pigo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ile ya mwisho inaanguka kwa ulaini. Ukichukua melodi iliyotungiwa Kiingereza ukaimwagia Kiswahili, silabi ya mwisho inapigiliwa msumari usiostahili: unaimba "wakuliMA" badala ya "wakuLIma". Msikilizaji hajui kasoro iko wapi, ila anahisi kuna kitu kimepinda.

Dawa tunayo tangu zamani. Mstari wa shairi la kawaida una mizani (silabi) 16, yaani 8 na 8. Pima ya 4/4 (mapigo manne) ina nusu-pigo 8. Kipande kimoja kinajaza pima moja bila kubaki wala kupungua. Na angalia mkazo unapoangukia: silabi ya 7, yaani pigo la 4, ambapo snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inagonga. Jaribu:

*Ndoo mbili mabegani, saa kumi yu njiani*

"GA" na "A" zote zinakaa juu ya snea. Sasa si lazima wimbo mzima uwe 8 na 8, utachosha watu. Tumia 8 kwenye beti, kisha kiitikio kiwe na mizani 5 au 6 na uvute irabu. Kiswahili kina irabu wazi mwishoni mwa karibu kila neno, mali ya bure kwa mwimbaji. Kasi ya mapigo 84 hadi 100 kwa dakika inatosha kwa mizani 8. Ukipita 120 utaanza kumeza silabi, na "m" ya "mtu" au "mpaka", ambayo ni silabi kamili, ndiyo ya kwanza kupotea.

FundiWaMitambo:
Chumba kwanza. Futi 10 kwa 10 ni mraba, na mraba ndio umbo baya kuliko yote. Mita 3.05 kila upande inazalisha mvumo karibu na hezi 56, na tena 112, kwa urefu na kwa upana, zinaungana. Uzi wa A wa gitaa lako ni hezi 110. Ndiyo maana kila ukipiga kodi ya A chumba kinavimba (nakisia umeshaliona hilo). Usikae katikati, hapo 112 ndiyo inapojaa. Sogea mpaka maiki iwe sentimita 80 hadi mita moja kutoka ukuta wa pembeni na wa mbele. Simamisha godoro moja nyuma yako na jingine kwenye kona, mazito, si zile sponji nyembamba za kubandika. Hizo zinaua sauti za juu tu na kuacha uvimbe palepale.

Bati linalia likipata joto na linalia likipoa, acha mvua. Kuanzia saa nne usiku limetulia. Nyenje wakikusumbua, wapo juu ya hezi 3,000, utawapunguza baadaye, ila friji na feni zima kabisa.

Maiki ya gitaa: ielekeze pale shingo inapoungana na mwili, karibu na freti (vile vyuma vya shingoni) ya 12 hadi 14, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Usiielekeze kwenye tundu, utapata mvumo mtupu. Rekodi kwa biti 24, vilele vya sauti viishie desibeli hasi 12 hadi hasi 8. Hakuna haja ya kugusa taa nyekundu. Nyuzi mpya zifungwe siku moja kabla, zivutwe, zityuniwe tena. Zikifungwa saa hiyohiyo zitateleza kila baada ya ubeti.

NyuziSita:
Kuhusu pamoja au mbalimbali, mimi nasema pamoja. Ukitenganisha, gitaa linarekodiwa bila mtu wa kulipumulia, na nyimbo za aina hii zinaishi kwenye pale mwimbaji anapochelewa kidogo na gitaa likamsubiri. Bruce Springsteen, yule mwanarock wa Marekani, alirekodi albamu ya "Nebraska" nyumbani New Jersey mwanzoni mwa 1982 kwa mashine ya kaseti ya TEAC yenye traki nne na maiki mbili za SM57. Baadaye nyimbo hizo zikajaribiwa na bendi nzima, na bado kilichotoka ni ile kaseti.

FundiWaMitambo:
Mfano mzuri, lakini usisahau sehemu ya pili: kaseti ile ilisumbua sana kuhamishiwa kwenye santuri kwa sababu ya kiwango chake cha sauti. Uchafu una gharama.

Pamoja sawa, ila aongeze maiki ya pili. Kanuni ya tatu kwa moja (maiki ya gitaa ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye gitaa, ya sauti iwe angalau 60 kutoka hapo) haiwezekani vizuri kwa mtu anayeimba huku anapiga, kwa hiyo tumia migongo ya maiki, upande ambao hausikii sana. SM58 iwe chini kidogo ya kidevu ikitazama juu, mgongo uangalie gitaa. Ya gitaa itazame chini, mgongo uangalie mdomo. Kisha sikiliza zote mbili kwa mono (zikiwa zimechanganywa kwenye njia moja). Sauti ikikonda, zinapingana: sogeza moja sentimita 3 hadi 5, sikiliza tena. Na kumbuka baada ya hapo huwezi kurekebisha neno moja la kuimba bila kugusa gitaa. Ukikosea, rudia ubeti mzima.

GitaaKavu:
Asanteni sana wakuu. Kinanda cha mdomo je? Na kuna muungurumo kwenye rekodi hata nisipopiga kitu.

FundiWaMitambo:
Chomoa chaja ya kompyuta, rekodi kwa betri. Muungurumo ukipotea, lilikuwa tatizo la ethi. Ukibaki, ni waya wa maiki umelala sambamba na waya wa umeme. Ipishanishe kwa pembe ya nyuzi 90. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo mabaki yatafute kwenye 50, 100 na 150. Usikate 100 kwa upana, utakata na gitaa.

NyuziSita:
Kinanda: wimbo wa G tumia cha C, wa A tumia cha D, wa E tumia cha A. Ukivuta pumzi ndani ndipo ule mlio wa kulia unapatikana. Ukitaka melodi tulivu, ya kanisani hivi, wimbo wa G piga kwa cha G. Geuza uso nusu unapopuliza, la sivyo sauti kwenye SM58 itapasuka.

BiMkubwa_wa_Nyimbo:
Mwanangu, hotuba inatokana na neno "jamii". Ukisikia umeandika "jamii", "viongozi", "tuamke", futa. Weka mtu, kazi, saa na kiasi. Bei ya pembejeo si wimbo. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 unaogawanywa nyumba tatu kwa kikombe, huo ni wimbo. Marekani, John Mellencamp alipotoa "Scarecrow" mwaka 1985 wakulima wakinyang'anywa mashamba kwa madeni, wimbo wa kwanza unasimama kwenye shamba la familia moja tu. Remmy Ongala naye alipozungumzia kinga ya UKIMWI alisema soksi (kondomu), si "afya ya jamii", na kila mtu akaelewa.

Nyimbo 14 ni nyingi. Chukua 10, dakika 35 hadi 40, mbili kati ya hizo zisiwe na shida yoyote ndani yake, mapenzi au safari. Na mtu halisi usimtaje jina kwa tuhuma, kesi ya kashfa haijali kama kuna gitaa.

Andikisha kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA ukiwa Tanzania, KECOBO ukiwa Kenya, kabla ya kuipandisha mtandaoni, na ukiwa Tanzania wewe mwenyewe uwe na usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa). Kama kuna aliyekusaidia kutunga hata kiitikio, andikeni asilimia na msaini siku hiyohiyo ya kurekodi.